Ukuta katika dembo: namna ya kupinga kibali cha kujenga, na namna ya kuomba chetu

Mwezi wa sita, wakati baridi imeshika na mvua imekwisha kabisa, ndio wakati dembo zetu zinalisha Lubumbashi. Lengalenga, matembele, kabishi, nyanya, vitunguu: mingi ya mboga mnayoona kwenye soko la Kenya ao soko la Mzee Kabila inatoka katika mabonde ya kandokando ya mji, pale maji yako karibu na mtu anachota na arozwari bila kutembea mbali. Na mwezi ule ule wa sita ndio wakati mzuri wa kujenga. Udongo ni mkavu, lori inaingia mpaka chini, matofali hayaloi. Mkulima na mjengaji wanatafuta kiwanja kimoja kwa wakati mmoja.

Mwaka huu kooperative moja ya wakulima wa mboga, upande wa mto Kafubu, ilikuta asubuhi lori ikishusha matofali katikati ya vitalu. Jina la kooperative hatulitaji kwa sababu jambo halijaisha. Watu walifikiri kwanza ni makosa ya dereva. Mama mmoja akamuuliza: «Papa, ile matofari unashushia nani hapa?» Dereva akajibu: «Miye sijue, mama, banilipa tu transpor.» Kisha siku tatu, mtu akafika na dosie chini ya kwapa, akaonyesha karatasi yenye muhuri: kibali cha kujenga, kile kinachoandikwa juu yake «permis de construire». Hapo wengi wakanyamaza. Karatasi yenye muhuri inatisha, hata kama hujasoma kilichoandikwa ndani.

Tulipofika kuwatembelea, ulizo lilikuwa moja tu: «Leta imeshatoa kibali. Sasa tutafanya je?» Tangu hapo tumesikia ulizo hilo katika kooperative zingine, upande wa njia ya Kipushi, njia ya Kasenga, na njia ya Likasi. Basi tumeona ni vizuri kulijibu hapa, polepole, kwa sababu jibu lipo na wengi hawalijui.

Neno «zone» na mji wetu

Kugawanya udongo, kusema hapa watu wakae, hapa viwanda, hapa mashamba, si jambo geni Lubumbashi. Mji huu ulizaliwa namna hiyo. Wakati Elisabethville ilipoanzishwa mwaka 1910, wakoloni walichora barabara za mji wa wazungu, na kisha wakaacha nafasi tupu katikati, «zone neutre», ili wafanyakazi weusi wakae mbali, upande wa Kamalondo, na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi. Kwa wazee wetu, neno «zone» lilikuwa na maana ya kukatazwa kupita. Tunafahamu kwa nini watu wengi, wakisikia plani ya mji, wanawaza moja kwa moja juu ya kufukuzwa.

Lakini plani inaweza pia kumlinda mwenye kulima. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 (ile iliyorekebishwa mwaka 1980) inasema wazi kwamba udongo, ukiwa wa mjini ao wa kijijini, una kazi yake: ya kukaa watu, ya viwanda, ya kulima ao ya kufuga. Someni vizuri: hata udongo wa mjini unaweza kuwa wa kulima. Kwa hiyo mtu akiwaambia «hapa ni mjini, kulima ni kosa», hasemi sheria. Inategemea udongo ule umeandikwa kwa kazi gani.

Juu ya kujenga, msingi ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya plani za miji. Ni ya wakati wa ukoloni, ndiyo, lakini miaka mingi imeendelea kutumika kama msingi wa mambo haya. Mwaka 2013 waziri alitoa pia agizo juu ya namna ya kutoa kibali cha kujenga katika nchi yote. Kwa maneno mafupi: hakuna kujenga bila kibali, na kibali hakipaswi kwenda kinyume na plani ya pahali. Mwenye ofisi hana ruhusa ya kutoa kibali kwa sababu tu anataka. Anatumia sheria, na akiikosea, karatasi yake inaweza kufutwa.

Kuna pia nafasi ambazo hazijengwi hata mtu akiwa na franga gani: kandokando ya reli ya SNCC, chini ya nyaya kubwa za SNEL, kwenye njia ya maji. Tunajua, kila mmoja ameshaona nyumba pale. Lakini kuiona nyumba imesimama si kusema iko na haki.

Karatasi ile inasema nini?

Katika kesi ya Kafubu, kosa la kwanza la wenzetu lilikuwa kuona muhuri na kuacha kusoma. Siku mbili baadaye sekretere wa kooperative alirudi kwa yule mtu, kwa upole, akaomba kupiga picha ya kibali na simu. Yule alikubali, tena kwa kiburi. Tulipokaa kusoma ile picha chini ya muembe tulikuta mambo matatu. Kibali kilikuwa cha nyumba ya kukaa. Namba ya parseli haikufanana na namba yoyote ya bonde lile. Ilionekana ni ya kule juu, karibu na barabara. Na jina la mwenye kuomba halikuwa la yule aliyekuja na dosie.

Kwa hiyo, kabla ya hasira, kusoma. Tena mjue kwamba kibali cha kujenga si hati ya udongo. Hapa watu wanadanganyika sana. Kibali kinasema: mwenye udongo huu anaweza kujenga nyumba ya namna hii. Hakimpi udongo yule ambaye hana. Fishi ya parseli ya komini nayo haimpi mtu haki kamili, wala karatasi ya shefu wa kartie, wala ile ya shefu wa kimila. Kwa sheria ya 1973, udongo wote ni wa Leta. Mtu anapata haki ya kuutumia kwa kontra ya konsesio, na haki hiyo inasimama kabisa siku sertifika («certificat d'enregistrement») inapoandikwa na konservatere wa hati za udongo. Muulizeni mwenye kujenga: sertifika iko wapi? Kama hana, muulizeni kontra. Na kwenye kontra muangalie mstari unaosema udongo ni wa kazi gani. Kama umeandikwa wa kulima, na yeye anajenga nyumba za kupangisha, mmepata kitu kikubwa.

Kuna saa moja ambayo lazima muijue hapa. Sertifika ikishamaliza miaka 2, haishambuliwi tena kwa urahisi. Kwa sheria inakuwa imara, na aliyeumizwa mara nyingi anabaki kudai malipo tu. Ndiyo maana tunasema musikae miaka mukinong'ona kisimani. Kama mmesikia kwamba mtu ameandikiwa dembo yenu, nendeni kwenye kadastre na kwa konservatere mwezi huo huo, na ombi la kuandika, mkaulize hali ya parseli ile.

Na sisi wenyewe, tuko na karatasi gani?

Hapa tutasema ukweli hata kama unauma. Wanachama wengi wa komini ya Annexe, na wale wa territoire ya Kipushi, wanalima kwa maneno ya shefu, ao kwa kurithi, ao kwa kukodi kwa mtu ambaye naye alikodi. Sheria ya 1973 inatambua kwamba jamaa za pahali zina haki juu ya udongo wanaoukaa na wanaoulima kwa desturi, lakini iliacha mambo hayo yapangwe na agizo la Rais wa Jamhuri, na kwa miaka mingi watu walingoja agizo hilo bure. Matokeo tunayaona: mbele ya tribinali, mwenye desturi ni dhaifu kuliko mwenye sertifika.

Dhaifu, lakini si bure. Kwa udongo wa kijijini, sheria hiyo hiyo inaomba kwamba kabla ya kumpa mtu konsesio kufanyike kwanza uchunguzi pale pale, «enquête préalable». Wanapaswa kuandika watu waliokutwa pale, mipaka, vitu vilivyoko kama maji na njia, na kusikia wale wenye malalamiko. Kontra iliyofanywa kinyume na sheria hiyo ni bure. Kwa hiyo muulize kila mara: uchunguzi ulifanyika lini? Nani alisikilizwa? Kama mnalima pale miaka 15 na hakuna aliyewahi kuja kuandika jina la mtu mmoja, hilo ni jambo la kuweka katika barua.

Sheria hiyo inasema pia kwamba kutumia udongo bila sheria wala kontra ni kosa la jinai, kifungo cha miezi 2 mpaka 6. Wengine wanaipenda hii na wanataka kukimbilia parke moja kwa moja. Angalieni: upanga huo unakata pande mbili. Kama ninyi pia hamna karatasi, mwenye kujenga anaweza kuwageuzia kosa lile lile. Tumeona hivyo, na mkulima ndiye aliyelala ndani.

Kazi ya kwanza: siku saba za mwanzo

Ukuta ni mwepesi kusimamisha wakati uko kwenye mstari wa pili. Ukifika kwenye paa, hata mwenye ofisi mzuri anaanza kusema «tuwaonee huruma». Kwa hiyo siku za kwanza ndizo zina bei.

Wenzetu wa Kafubu walifanya hivi. Walipiga picha kila asubuhi, na tarehe ikionekana. Walichora plani ndogo ya bonde: kisima hapa, mfereji hapa, vitalu vya nani na nani, ukuta unapita wapi. Kijana mmoja alichukua alama za GPS na simu yake. Kisha wakaita mkutano na kuandika prosè-verbal, wanachama wakatia sahihi ao kidole. Walifikiria kuita huisie aje kuandika alichoona kwa macho yake, lakini bei ilikuwa juu. Baadaye walijuta, kwa sababu karatasi ya huisie ina uzito kuliko picha zetu. Kama kooperative yenu ina kisanduku cha dharura, hiyo ni matumizi mazuri.

Kisha wakaenda kwa shefu wa kartie, si kwa sababu yeye anaweza kufuta kibali (hawezi), lakini kwa sababu asiposikia kwanza kwenu atasikia kwa mwingine. Toka hapo, barua kwa burgumestre wa komini, na kopi kwa service ya urbanisme ya komini na kwa divisheni ya Urbanisme na Habitat ya mji. Barua iliomba mambo mawili tu: watume mtu kuona, na wasimamishe kazi wakati wa kuchunguza. Kisha siku tisa watu wa service walifika. Walipima, wakaangalia kibali, wakaona namba hailingani na pahali, wakaandika na rangi nyekundu kwenye ukuta: «Arrêt des travaux».

Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyebomoa. Hili tunalisema kwa nguvu kwa sababu usiku mmoja vijana walikuwa tayari na nyundo. Prezida wa kooperative, mama mtu mzima, aliwaambia: «Mukibomoa leo, kesho ni siye njo tutaitwa baharibifu. Muache ukuta, ule ukuta njo mushuuda wetu.» Alikuwa na haki. Kazi ya kubomoa ni ya wenye mamlaka, kwa agizo la kuandika. Mwanachama akiigusa, kesi ya udongo inageuka kesi ya kuharibu mali.

Neno moja juu ya franga. Mkifika ofisini mtaombwa «transpor ya kuja kuona». Hatuwezi kuwaambia kwamba haiko. Tunachosema ni hiki: malipo ya haki yana note de perception na risiti, na kodi za mkoa wetu zinapita kwa DRHKAT. Ombeni karatasi kila mara, kwa heshima. Tena muandike katika kaye ya kooperative kila franga iliyotoka, kwa nani na kwa sababu gani. Katika mambo ya namna hii, kooperative nyingi zinavunjika kwa sababu ya feza za kufuata kesi, kuliko kesi yenyewe.

Kupinga kibali: barua kwa yule aliyekitoa

Kusimamisha kazi si kufuta kibali. Mwenye kujenga anaweza kusahihisha namba, kuzunguka kwenye ofisi nyingine, na kurudi. Kama kibali chenyewe ni kibaya, lazima kishambuliwe chenyewe, na kuna njia yake.

Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 juu ya tribinali za mambo ya utawala inataka kwamba, kabla ya kwenda kwa hakimu, mumwandikie kwanza yule aliyetoa karatasi na kumwomba airudishe. Barua hiyo inaitwa «réclamation préalable» ao «recours gracieux». Muda ni miezi 3 toka karatasi ilipotangazwa ao ilipofika kwenu. Naye ana miezi 3 ya kujibu. Akinyamaza mpaka miezi hiyo iishe, sheria inahesabu kwamba amekataa. Toka hapo mna miezi 3 mingine ya kwenda kwa hakimu. Kimya cha ofisi, kwa sheria, ni jibu. Wakulima wengi wanangoja mwaka mzima «mpaka wajibu», na wakati wanapoamka muda umekwisha zamani.

Barua hiyo muiandike kwa Kifaransa, na mumsomee kila mwanachama kwa Kiswahili mpaka afahamu. Haihitaji maneno makubwa. Museme ninyi ni nani na mnatumia pahali gani, toka lini. Mtaje kibali: namba, tarehe, jina, aliyetia sahihi. Museme kinawaumiza namna gani. Si «kinatuhuzunisha», lakini «kinafunga mfereji unaopeleka maji kwa vitalu vya familia hizi, na kisima kinabaki ndani ya ukuta». Museme sheria gani imekosewa: udongo ni wa kulima, namba si ya pahali hapa, uchunguzi haukufanyika, ni njia ya maji. Juu ya maji kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015; muitaje kama kisima ao chemchemi imeguswa. Mwisho muombe wazi kwamba kibali kifutwe. Muambatanishe picha, plani, prosè-verbal.

Kisha, jambo dogo ambalo ni kubwa kuliko yote: mupeleke barua mara mbili, moja ya ofisi na moja yenu, na kopi yenu irudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Bila accusé de réception hamjaandika kitu. Tulikuta kooperative moja yenye barua sita nzuri kabisa, zote bila muhuri. «Tulimpa sentineli,» walisema. Mbele ya hakimu, sentineli haijulikani.

Nani anapokea? Inategemea nani alitia sahihi. Vibali havitolewi vyote na ofisi moja. Jengo kubwa linapanda juu zaidi kuliko nyumba ndogo. Angalieni chini ya kibali, pale pa sahihi, na mumwandikie huyo huyo. Kopi inaweza kwenda kwa wengine, hata kwa mkubwa wake.

Mbele ya hakimu

Kama amekataa, ao amenyamaza, mlango ni wa hakimu wa mambo ya utawala. Maamuzi ya mawaziri wa Kinshasa yanaenda kwa Conseil d'État. Ya viongozi wa mkoa na wa mji yanaenda kwa hakimu wa huku, na Katiba ya 2006 imesema kwamba pale ambapo korti za utawala bado hazijawekwa, Cour d'appel inashika kazi hiyo. Msifike peke yenu. Hapa avoka ni lazima, na kazi yake ya kwanza ni kuwaambia ni mlango gani hasa kwa kibali chenu. Mlango usio wenyewe unakula muda.

Tena mjue kwamba kesi hiyo haisimamishi ujenzi. Mnaweza kushinda mwaka ujao wakati nyumba ina watoto ndani. Ndiyo maana sheria ya 2016 iliweka pia ombi la haraka, «référé-suspension», ili hakimu asimamishe karatasi wakati wa kungoja hukumu. Mumwambie avoka wenu kuhusu hilo siku ya kwanza, si siku ya mwisho.

Msichanganye kesi hiyo na ugomvi wa «udongo ni wa nani». Huo, kama kuna sertifika, unaenda tribunal de grande instance. Kama ni ugomvi wa desturi, tribunal de paix. Na kama ni udongo wa kulima, sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inataka mapatanisho yajaribiwe kwanza mbele ya baraza la kilimo la pahali. Mara nyingi baraza hilo halikutani kabisa. Andikeni barua ya kuliomba hata hivyo, na mushike kopi yenye muhuri, ili mtu asije kusema mlirukia hatua.

Jambo lingine linalosaidia: kooperative iende kwa jina lake. Toka nchi yetu iingie OHADA mwaka 2012, kooperative iliyoandikwa kwenye rejista ya kooperative ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kuandika, kushitaki, na kupewa kontra ya udongo. Watu watano wanatosha kwa kooperative ya namna rahisi. Mtu mmoja akishitaki, atatishwa mmoja, atanunuliwa mmoja. Tena kooperative inaweza kuomba kontra ya pamoja kwa dembo nzima sasa, wakati hakuna ugomvi. Tungependa kila kooperative inayosoma hapa iweke ombi hilo kabla ya masika, hata kama litachukua miaka.

Viwanda

Tukisema juu ya nyumba tu tutakuwa tumesema nusu. Lubumbashi ni mji wa shaba, na watafiti wa UNILU wamepima mara kadhaa udongo, maji na mboga za bustani za huku, kama za Penga Penga, wakakuta vyuma vizito. Kwa hiyo mtu akija kuomba kujenga kiwanda cha kusafisha mawe ao depo ya asidi juu ya maji yenu, msingoje harufu. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka, kwa mradi wa namna hiyo, utafiti wa madhara ufanyike kwanza, na watu wa pahali waulizwe. Muandikie Agence congolaise de l'environnement kuuliza kama utafiti huo umefanywa na muombe kuuona.

Wakati sisi ndio wenye kujenga

Kooperative nyingine, njiani kuelekea Kasumbalesa, ilianza kujenga depo ya mahindi bila kibali. «Shamba ni yetu, depo ni yetu, kibali cha nini?» Kazi ikasimamishwa, na walikuwa na hasira kutuona hatuwaungi mkono. Lakini hatuwezi kudai sheria kwa jirani na kuikimbia sisi. Depo inataka kibali pia: barua, hati ya udongo, plani zilizochorwa na mtu mwenye kazi hiyo.

Walipoomba, wakakataliwa kwa mdomo. Kukataliwa kwa mdomo hakupingwi. Ombeni kuandikiwa, na sababu ndani. Kisha kuandika, ilionekana sababu ni ndogo: plani haikuonyesha depo iko mbali namna gani na barabara, na barua haikueleza kwamba depo ni ya mazao ya shamba lile lile, kwa hiyo haigeuzi kazi ya udongo. Walisahihisha, wakarudisha dosie, na kibali kikatoka. Tunawaomba mujaribu njia hiyo kwanza. Kwenda kwa hakimu kwa sababu ya kukataliwa ni haki yenu, na muda ni ule ule wa miezi 3, lakini mahindi yanaingia wadudu wakati mnangoja.

Kafubu, mpaka leo

Barua ya kupinga kibali iliwekwa tarehe 4 Julai, na kopi ina muhuri. Jibu halikuja. Tarehe 4 Oktoba kimya kikawa kukataa, na sasa wana mpaka mwanzo wa Januari kuweka kesi. Tunapoandika haya ni mwisho wa Novemba. Avoka amepatikana na amekubali kulipwa kwa vipande; kila mwanachama anatoa kidogo siku ya soko, na kaye ya malipo inasomwa kwa sauti kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wawili wamejitoa, mmoja wao alikuwa amekubali kufidiwa vitalu vyake na mwenye kujenga. Hatumhukumu, ana watoto sita.

Yule mwenye dosie alirudi mara moja, akaleta mchanga, akaona maandishi mekundu bado yako, akaenda. Ukuta umebaki kwenye mstari wa tatu. Mvua imeanza, na mama wamepanda mahindi na kibwabwa mpaka miguuni mwake, pande zote mbili.